Mota Isiyo na Brashi na Bodi za Kujifunzia

Mota ya betri ya namna ya kale ina brashi za kaboni zisuguazo shaba ya rota, na kwa msuguano huo mkondo huhamishwa kutoka koili moja hadi nyingine ili mzunguko usikome. Ni hila njema, ila kaboni hulika, cheche huruka, na fundi hana budi kuifungua mashine kila baada ya muda. Mwaka 1962 T. G. Wilson na P. H. Trickey walieleza huko Marekani mashine ambayo kazi hiyo imekabidhiwa elektroniki, sumaku ikizunguka na koili zikitulia mahali pake.

Lakini mota hii, ukiiunga na betri hivi hivi, haizunguki: hutikisika mara moja, hukwama, na koili zake hupata moto. Akili yake imo nje yake. Ndiyo sababu viwanda vya chipu hutengeneza bodi za majaribio, zilizokusanya pamoja mikrokontrola ya kufikiri na transista sita za kubeba mkondo mzito, ili mwanafunzi aione bayana kazi ambayo katika vidhibiti vingi vya dukani imesitiriwa chini ya gundi.

Tutazame B-G431B-ESC1 ya STMicroelectronics, bodi ieneayo katika kiganja: chipu yake hupiga mapigo milioni 170 kwa sekunde, na transista zake hustahimili kilele cha ampea 40. Transista hizo zimepangwa jozi tatu, jozi moja kwa kila waya wa mota, ya juu ikiungana na chanya na ya chini na hasi. Na hapa pana hatari ambayo sharti ijulikane kabla ya kuandikwa mstari wa kwanza wa programu. Transista haizimiki papo hapo iamriwapo. Basi ya chini ikiwashwa ilhali ya juu haijazimika barabara, chanya na hasi hukutana bila ya kizuizi, na jozi nzima huungua kabla mtu hajawahi kunyoosha mkono. Kwa hiyo baina ya kuzima na kuwasha huwekwa kitambo cha kungoja, aghalabu kisichofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, nacho hulindwa na saa iliyomo ndani ya chipu yenyewe. Nami namsihi anayeanza asitumie betri ya lithiamu, bali chanzo cha umeme kinachoweza kuwekewa kikomo cha ampea.

Njia nyepesi ya kuongoza mota ni ya hatua sita, ambapo vihisi vitatu, vya aina iitwayo kwa jina la Edwin Hall aliyegundua mwaka 1879 athari ambayo vihisi hivyo huitegemea, huarifu sumaku ilipo. Njia ya pili ni adhimu zaidi, na ndiyo inayostahili tafakuri. Mkondo wa nyaya tatu hupimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Hesabu ya Edith Clarke, iliyobuniwa kwa ajili ya gridi za umeme, huzigeuza namba tatu kuwa mbili. Kisha hesabu ya Robert Park ya mwaka 1929 huzizungusha namba hizo pamoja na rota, hata kile kilichokuwa kikipanda na kushuka kionekane kimetulia. Hapo mkondo hugawanyika sehemu mbili, moja ikivuta sambamba na sumaku, na hiyo ni nguvu ya bure kama ya hamali asukumaye mkokoteni ubavuni, na nyingine ikivuta kwa pembe mraba, ambayo ndiyo izungushayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Felix Blaschke wa Siemens aliendeleza njia hiyo ya kuzitawala sehemu hizo mbili mbalimbali.

Wako wanaoacha vihisi, wakiisoma nafasi ya rota katika volti ambazo mota huzizalisha yenyewe izungukapo. Hila hii yafaa sana kwa droni, kwani rafadha huanza kuzunguka bila ya mzigo mkubwa. Bali mota iliyosimama haizalishi volti yoyote, na pikipiki ya umeme iliyopakia abiria mlimani Kigali huhitaji nguvu yake kubwa kabisa wakati huo huo ambao gurudumu halijatembea, na kwa hiyo vihisi vyake haviondolewi.