Mtoto Akiumia Shuleni, Nani Atajibu?

Saa ya mapumziko imefika. Watoto wa Kiwanja watoka darasani mbio, na uwanja wajaa kelele. Mara mmoja alia: mwenzake amemtupia jiwe, na jicho lavuja damu. Jioni majirani waja kuwapoza wazazi wakisema, «Ni bahati mbaya; tumwachie Mungu.» Maneno hayo yana huruma. Lakini je, yana haki?

Wasomaji wapenzi, yafaa tujue kwamba sheria ya nchi yetu haikunyamaza. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotolewa zamani za Mfalme Leopold II, ingali na nguvu katika Kongo hata leo. Kifungu cha 258 kinamwamuru aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake ailipe. Kifungu cha 259 kinaongeza kwamba uzembe nao ni kosa.

Waalimu wanatajwa katika kifungu cha 260. Hicho chaweka juu yao daraka la madhara yafanywayo na wanafunzi walio chini ya ulinzi wao. Aliyetupa jiwe ni mtoto, lakini mwalimu ndiye atakayeulizwa: «Ulikuwa wapi?» Ataokoka akithibitisha kwamba hakuweza kulizuia jambo lile. Tena, jengo likianguka kwa kukosa matengenezo au kwa ubaya wa ujenzi, kifungu cha 262 chamshika mwenyewe.

Lakini tusidai pasipo haki. Mtoto akijikwaa peke yake katika uwanja ulio salama, mwalimu yupo na anaangalia, hapo hakuna deni. Mzazi anayedai sharti aonyeshe kosa.

Wako wanaoogopa kuuliza kwa sababu shule ni ya misioni. Woga huo hauna msingi. Kwa mkataba wa mwaka 1977 Serikali iliyakabidhi makanisa uongozi wa shule nyingi. Haikuyatoa katika sheria. Kuuliza kwa adabu si kumtukana padre.

Tena tusingoje msiba. Tarehe 23 Septemba 2019, katika mji wa Nairobi, jengo la shule ya Precious Talent liliwaangukia watoto asubuhi, na baadhi yao wakafa. Hakuna fidia iwezayo kumrudisha mtoto kwa mama yake.

Basi kila mtu ashike kazi yake. Mwalimu asiuache uwanja wakati wa mchezo. Kamati ya wazazi ikague kuta, mapaa na mashimo ya vyoo kabla ya mvua. Na mtoto akiumia, mzazi ampeleke kwanza kwa mganga, aombe cheti, aandike majina ya walioona, kisha aende kwa mwalimu mkuu kwa utulivu. Kwa hakimu tuende mwisho, wakati mapatano yameshindikana.

Asubuhi twawaaga watoto wetu wakiwa wazima. Ni haki yetu kuwapokea jioni wakiwa wazima vilevile.