Meno ya Bandia na Feza ya Nyumba

Asubuhi moja mama alifika kwenye dispansari yetu, shavu lake limefungwa kwa kitambaa. Jino moja lilikuwa limeoza kabisa, na la pili karibu yake lilianza kutoboka. Akaniambia, "Munganga, ng'oa yote. Sina feza ya kurudi hapa kila mara. Meno yakiisha, na taabu yake itaisha."

Nilimwelewa. Feza yake ilikuwa imekwisha kugawanywa kabla hajatoka nyumbani: sehemu ya unga, sehemu ya sabuni na chumvi, sehemu ya masomo ya watoto. Kwa jino hakikubaki kitu.

Ndugu msomaji, labda wewe pia umewaza hivyo. Shauri la mama huyu si shauri la mtu mjinga, ni shauri la mtu anayehesabu feza. Tena si shauri jipya. Watu wengi wa Ulaya walilifuata katika siku za babu zao, nasi leo tunaweza kuona mwisho wake. Kwa hiyo nataka kukueleza habari za meno ya bandia, yaani meno ya kununua, upate kujua kama hesabu ile ilikuwa sawa.

MENO YA MATAJIRI

Zamani sana meno ya bandia yalikuwa ya matajiri tu. Mafundi waliyachonga katika pembe za tembo au katika meno ya kiboko, wakayafunga kwa waya wa zahabu. Lakini kitu kilichochongwa hakina uhai. Mate yaliyaharibu, yakageuka rangi na kunuka.

George Washington alipoanza kazi ya urais wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebaki na jino lake moja tu. Watu husimulia kwamba alivaa meno ya mti, lakini si kweli. Meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa meno ya kiboko, kwa madini, na kwa meno ya watu.

Ndiyo, meno ya watu. Matajiri walinunua meno kutoka vinywa vya maskini. Kitabu cha hesabu cha Washington mwenyewe kinaonyesha kwamba mwaka 1784 watu weusi walipewa feza kwa meno 9. Na baada ya vita ya Waterloo, katika inchi ya Ubelgiji mwaka 1815, watu walipita kati ya maiti za askari wakawang'oa meno na kuyauza. Waingereza wakayaita meno ya namna hiyo "meno ya Waterloo".

Fikiri jambo hili. Maskini aliyeuza jino alipata chakula cha siku chache, lakini pengo lake lilibaki mpaka kufa. Yule tajiri alijua bei ya jino kwa sababu alikuwa amekwisha kuyapoteza ya kwake.

BEI INASHUKA

Katika karne ya 19 mambo mawili yalibadilika. La kwanza ni sukari. Mwaka 1874 serikali ya Uingereza iliondoa kodi ya sukari. Ikawa rahisi kununua, ikaingia kila nyumba, katika chai na katika jemu ya kupaka mkate. Meno ya maskini yakaoza kama ya matajiri.

La pili ni mpira, utomvu wa miti ambao babu zetu waliujua sana. Mwaka 1851 Mmarekani Nelson Goodyear aliandikishwa kuwa mwenye haki ya kutengeneza mpira mgumu, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa. Mafundi walitumia mpira huo kufanya fizi za bandia, wakapanga juu yake meno ya kauri. Bei ilishuka. Sasa hata mfanyakazi wa kiwanda aliweza kuwaza kununua meno.

ZAWADI YA HARUSI

Katika miaka ya 1930, nyumba nyingi za wafanyakazi wa Uingereza zililipa munganga wa meno kwa feza yao wenyewe. Mtu wa mshahara mdogo aliogopa jino bovu kama anavyoogopa deni. Basi wazazi walifanya hesabu hii: "Tukiziba tundu moja leo, kesho litatoboka jino lingine. Heri kung'oa yote, tulipe mara moja na kumaliza."

Kwa hiyo vijana, na zaidi wasichana, waling'olewa meno yote walipofika miaka 21 au walipokaribia kuolewa, hata meno mazima. Meno ya bandia yalikuwa zawadi ya wazazi, ili bibi arusi asimletee mume wake malipo ya munganga wa meno. Msichana aliingia katika ndoa bila jino lake hata moja, na watu waliona ni akili njema.

Tarehe 5 Julai 1948 serikali ya Uingereza ilianza kutibu watu wote bila malipo, pamoja na meno. Watu walimiminika kuomba meno ya bandia na miwani. Feza nyingi ikatoka kuliko ilivyohesabiwa. Ndipo serikali yenyewe ikaingiwa na masumbuko kama ya baba wa nyumba. Mwaka 1951, wakati wa vita ya Korea, ilitaka feza kwa silaha, ikaamua kwamba mtu anayetaka meno ya bandia alipe sehemu ya bei. Aneurin Bevan, aliyesimamia kuanzishwa kwa matibabu yale ya bure, aliacha kazi ya uwaziri kwa ajili ya jambo hilo.

Mwaka 1968 wapimaji waliona kwamba katika England na Wales, kwa kila watu wazima 100, watu 37 hawakuwa na jino lao hata moja. Huo ndio mwisho wa hesabu ya kung'oa yote.

HESABU ILIKOSA NINI?

Wazee wale walihesabu malipo ya siku moja. Hawakuhesabu siku zilizobaki.

Umeona kilima kinapokatwa miti yake. Mizizi ikiondoka, mvua inakula udongo mwaka kwa mwaka. Taya nayo ni hivyo. Jino likiondoka, mfupa uliolishika unaanza kupungua, wala hauachi. Meno ya bandia yaliyokaa vizuri mwaka wa kwanza yanalegea baadaye, yanasugua fizi na kufanya vidonda. Lazima kuyatengeneza tena au kununua mengine. Basi yule aliyetaka kulipa mara moja analipa mara nyingi. Tena nguvu ya kutafuna inapungua sana. Nyama, mahindi ya kuchoma na karanga vinakuwa taabu kwake.

Waingereza wenyewe walijifunza. Walianza kutumia dawa ya meno yenye fluoridi, na waganga wakaziba meno mengi badala ya kuyang'oa. Mwaka 2009, katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, watu wasio na jino lao hata moja walikuwa 6 tu kwa kila watu wazima 100.

LINDA JINO KWA FEZA KIDOGO

Jino haliozi kwa sababu ya mdudu anayetambaa ndani yake, kama wengine wanavyosema. Katika kinywa mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari unayokula, kisha vinatoa kitu kikali kama maji ya ndimu. Kitu hicho kinalainisha jino mpaka linatoboka. Kila mara unapoonja kitu kitamu, kazi hiyo inaanza tena. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Piga meno burashi mara mbili kila siku, na zaidi usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye fluoridi. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Kama huna burashi, tumia kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Hicho unakipata bila franka hata moja.

2. Punguza soda na vitu vitamu. Kama unanunua chupa moja kila siku, hesabu bei ya chupa 30, na utaona kwamba unalipa mara mbili: dukani, kisha kwa munganga.

3. Usimlaze mtoto na chupa ya maziwa au ya chai yenye sukari kinywani.

4. Tundu likiwa dogo, njoo mapema. Kuziba tundu dogo ni kazi ndogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

5. Using'olewe jino sokoni wala na mtu apitaye na koleo katika mfuko. Chombo kisichochemshwa vizuri kinaweza kukupa ugonjwa wa damu ya mtu mwingine, hata UKIMWI na ugonjwa wa ini.

6. Shavu likivimba pamoja na homa, au ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, usingoje feza ipatikane. Njoo hospitali siku ile ile, maana ugonjwa huo unaweza kuua.

Wengine wamekwisha kupoteza meno, nao wasione haya kuvaa meno ya bandia. Ni msaada mwema. Uyatoe usiku, uyasugue, uyalaze katika maji safi ya baridi. Usiyatie katika maji ya moto, yatapindika.

Yule mama nilimng'oa jino moja tu, lile ambalo halikuweza kupona. La pili lilizibwa juma lililofuata, naye alilipa kidogo kidogo mpaka alipomaliza. Alipokuwa akiondoka nilimwambia, "Mama, wahenga walisema akiba haiozi. Jino ni akiba ambayo inaweza kuoza. Ilinde." Alicheka, akaweka mkono shavuni, akaenda sokoni kununua unga. Hakununua sukari siku ile.

MAULIZO

1. Kwa nini wazazi wa Uingereza waliwang'oa wasichana wao meno kabla ya harusi?
2. Mfupa wa taya unafanya nini jino likiondoka?
3. Nyumbani kwako mnatumia franka ngapi kwa vitu vitamu kila mwezi? Hesabuni pamoja leo jioni.