Maneno na Vipimo katika Mafumbo ya Duara

Fumbo la hesabu humtaka mwanafunzi afanye kazi mbili: kwanza afasiri maneno, kisha akokotoe. Kosa lake huonekana katika tarakimu, lakini mara nyingi limezaliwa katika maneno. Shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania zimesomesha kwa Kiswahili tangu 1967. Kwa hiyo lugha ya mafumbo hayo si jambo la walimu wa hesabu peke yao, bali yawahusu pia wachunguzi wa Kiswahili. Mafumbo ya duara ni mfano mwema, kwa kuwa istilahi zake ni chache na kanuni zake ni mbili tu.

Istilahi zenyewe kwa sehemu kubwa zajieleza. Kipenyo latokana na kupenya: ni mstari upenyao duara kutoka ukingo hadi ukingo ukipita katikati, na nusu yake huitwa nusu kipenyo. Mzingo ni wa ukoo mmoja na zinga na zingira: ni urefu wa mstari ulizungukao duara. Eneo latokana na kuenea: ni nafasi yote iliyoenea ndani ya mstari huo. Neno lenye mashaka ni duara lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu. Asemaye "chora duara" akusudia mstari. Asemaye "lipake duara rangi" akusudia nafasi iliyo ndani. Basi fumbo likisema "pima duara" bila kuongeza neno, halina jibu moja.

Kanuni ni hizi. Mzingo ni pai mara kipenyo. Eneo ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Katika mifano ifuatayo pai imechukuliwa kuwa 22/7.

Gurudumu la baiskeli lina kipenyo cha sentimita 70. Litazunguka mara ngapi katika mwendo wa kilomita 1.1? Mzingo ni sentimita 220. Mwendo ni sentimita 110,000. Ukigawanywa kwa 220, jibu ni mara 500. Hapa hapana budi mzingo na mzunguko vitengwe. Mzingo ni urefu, nao hupimwa kwa sentimita. Mzunguko ni tendo, nao huhesabiwa kwa mara. Kiungo cha viwili hivyo hakikutajwa katika fumbo: kwamba gurudumu lisiloteleza, kila limalizapo mzunguko mmoja, husogea mbele kwa urefu wa mzingo wake. Mwanafunzi asiyeona kiungo hicho hukomea kwenye 220 akidhani amemaliza.

Mfano wa pili: mbuzi amefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya mita 7, katikati ya uwanja usio na kizuizi. Ataweza kula majani ya eneo gani? Neno duara halimo, wala nusu kipenyo halimo. Duara limefichwa katika tendo la mbuzi, na nusu kipenyo kimefichwa katika kamba. Avitambuaye hupata 22/7 mara 7 mara 7, yaani mita za mraba 154. Aichukuaye kamba kuwa kipenyo hupata mita za mraba 38.5, ambazo ni robo tu ya jibu. Kukokotoa kwake ni sahihi; kilichomponza ni kufasiri.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Bustani ya duara ina kipenyo cha mita 14, nayo imezungukwa na njia yenye upana wa mita 3.5. Eneo la njia ni ngapi? Uzito wote umo katika neno "imezungukwa". Njia izungukayo iko pande zote. Kwa hiyo kipenyo cha nje huongezeka mara mbili ya upana wa njia, kikawa mita 21, na nusu kipenyo mita 10.5. Eneo lote ni mita za mraba 346.5, likitolewa lile la bustani, 154, hubaki 192.5. Lakini aongezaye upana mara moja tu hupata kipenyo cha 17.5, na mwishowe 86.625, isiyofikia hata nusu ya jibu.

Lipo pia neno kubwa. Ikisemwa kwamba ungo mmoja ni "mkubwa mara mbili" kuliko mwingine, yaweza kukusudiwa upana au eneo, na tofauti si ndogo. Kipenyo kikitoka sentimita 14 kikawa 28, mzingo hutoka 44 ukawa 88, lakini eneo hutoka 154 likawa 616, yaani mara nne. Yafaa mtungaji ataje ni kipimo gani kilichoongezeka.

Hatimaye, thamani ya pai. Archimedes alithibitisha kwamba pai ni zaidi ya 3 10/71 na ni pungufu ya 3 1/7. Basi 22/7, ambayo ndiyo 3 1/7, imezidi kidogo. Atumiaye 3.14 katika fumbo la mbuzi hupata 153.86 badala ya 154. Fumbo lisipotaja thamani itakiwayo, wanafunzi wawili waliofikiri sawasawa hutoa majibu mawili, na mmoja wao huenda akanyimwa alama kwa kosa la mtungaji.

Haifai, hata hivyo, mafumbo yarahisishwe hadi kila kipimo kiitwe kwa jina lake. Kuitambua kamba kuwa nusu kipenyo ndilo fundisho lenyewe. Ugumu wa namna hiyo ni halali, kwa sababu msomaji makini aweza kuutatua kwa maneno aliyopewa. Ugumu usio halali ni ule wa neno lenye maana mbili, lisilo na kitu cha kuichagua mojawapo. Kuzitenga aina hizi mbili ni kazi ya mtungaji, na mwenye ujuzi wa lugha aweza kumsaidia kabla karatasi ya mtihani haijapigwa chapa.