Gari la Jimbo Jingine: Kadi Kwanza, Injini Baadaye

Sehemu ya Pili

Juma lililopita nilieleza namna ya kupanga fedha za gari la kwanza bila kujitia kwenye mkopo wa riba kubwa. Leo naingia kwenye jambo ambalo limewaumiza wengi miongoni mwetu tunaosema Kiswahili huku Marekani: kununua gari lililotumika kutoka kwa mtu aliye jimbo jingine.

Kinachompeleka mtu mbali ni bei. Baba wa familia yuko Columbus, Ohio, anaona kwenye simu Toyota Sienna ya viti 8 inauzwa huko kusini kwa bei ya chini kuliko zilizopo mtaani kwake. Ana watoto sita, gari dogo haliwatoshi, na kazini ni mwendo wa dakika 40 mahali ambapo basi halifiki usiku. Simlaumu anayevutwa na bei hiyo. Ila lazima ajue kwamba anaponunua ng'ambo ya mpaka wa jimbo, kitu cha kwanza anachonunua ni karatasi.

Sisi tumekulia mahali ambapo gari lina kadi moja ya nchi nzima. Tanzania kadi inatoka TRA, Kenya inatoka NTSA, na gari la Mwanza likiuzwa Tanga kumbukumbu zake ni zilezile. Marekani hakuna ofisi ya taifa inayotoa kadi ya gari. Yapo majimbo 50 na Wilaya ya Columbia, kila moja na ofisi zake, sheria zake na kadi yake ya umiliki, ile ambayo watu wetu huku wanaiita taito. Gari likihamia jimbo jingine, kadi ya zamani inasalimishwa na mpya inachapishwa. Hapo katikati, kadi inapobadilishwa, ndipo historia ya gari inapoweza kupotea, na wapo watu ambao kazi yao ni kuhakikisha inapotea.

Wanafanyaje? Gari likipata ajali kubwa au likizama kwenye mafuriko, kampuni ya bima humlipa mwenye gari na kulichukua. Jimbo linaandika kwenye kadi kwamba gari hilo limeharibika. Maneno utakayoyaona ni "salvage", yaani gari lililohesabiwa kuwa limekufa. "Rebuilt", yaani lilikufa likafufuliwa gereji. Na "flood", yaani lilizama majini. Lakini majimbo hayakubaliani ni lini gari lihesabiwe limekufa. Oklahoma, matengenezo yakizidi asilimia 60 ya thamani ya gari, alama inawekwa. Ukivuka Mto Red ukaingia Texas, kipimo ni thamani yote, asilimia 100. Gari ni lilelile na ajali ni ileile, ila upande mmoja wa mto linatiwa alama na upande wa pili linaweza kupita bila neno. Mjanja hulinunua gari lenye alama kwenye mnada, hulipeleka kwenye jimbo ambalo sheria zake zinaiacha alama hiyo idondoke, kisha hutoka na kadi mpya iliyo safi. Waamerika wanauita mchezo huu kufua kadi. Ni wizi, tena wizi unaofanyika kwa mhuri wa serikali.

Jirani yangu mmoja, aliyekuja huku kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, alinunua gari la namna hiyo. Alikuwa amenipigia simu siku mbili kabla: "Mwalimu, kadi ni safi, nimeonyeshwa picha yake." Nilikuwa kazini, nikamwambia asubiri Jumamosi twende pamoja. Muuzaji akamwambia kuna mteja mwingine njiani. Alikwenda peke yake kwa basi, akalipa taslimu, akaliendesha gari usiku kucha hadi nyumbani. Nilipolifungua asubuhi lilinukia manukato makali. Nikauvuta mkanda wa kiti cha nyuma hadi mwisho wake, na kule mwishoni, sehemu ambayo haitoki nje katika matumizi ya kawaida, palikuwa na mstari wa tope uliokauka. Chini ya gurudumu la akiba mlikuwa na mchanga laini. Nilijua, naye aliusoma uso wangu.

Liliendeshwa wiki sita. Ubaya wa maji ya mafuriko ni kwamba hayaui gari siku ileile. Yanaingia kwenye viunganishi vya nyaya, chini ya viti, na kwenye visanduku vya kompyuta vinavyoongoza injini, breki na mifuko ya hewa. Kutu inatambaa polepole ndani ya shaba ambako hakuna jicho linalofika. Kwanza taa za dashibodi zikawaka bila sababu, kisha milango ya pembeni ikagoma kufunguka, na mwisho gari likazimika barabara kuu watoto wakiwa ndani. Fundi alisema kubadilisha nyaya zote kungegharimu zaidi ya bei ya gari.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hilo lingejulikana kwa gharama ya chakula cha mchana. Upo mfumo wa taifa wa taarifa za kadi za magari, unaojulikana kwa herufi NMVTIS, ulio chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 dhidi ya wizi wa magari, na tangu 2009 mnunuzi wa kawaida anaweza kupata taarifa zake kwa kulipia kidogo kupitia makampuni yaliyoidhinishwa. Makampuni ya bima na yadi za magari mabovu yanabanwa na sheria kupeleka humo taarifa za magari yaliyokufa. Alama iliyowahi kuandikwa na jimbo moja hubaki humo hata kama kadi ya sasa imefuliwa ikang'aa. Tulipotafuta taarifa za gari la jirani yangu, alama ya mafuriko ilikuwemo, imeandikwa na jimbo la tatu ambalo muuzaji hakulitaja kabisa.

Mfumo huo nao una tundu, na ni vizuri ulijue. Unajua tu kile ulichoambiwa. Mtu mwenye bima ndogo, ile inayomlipa mwenzako uliyemgonga na si wewe, gari lake likizama hana wa kumdai. Bima haijui, yadi haijui, jimbo halijui. Atalianika juani, atasafisha mazulia, ataliuza. Baada ya vimbunga kama Katrina mwaka 2005 na Harvey mwaka 2017, magari ya namna hiyo yalisambaa mbali na pwani ambako maji yalipita. Kwa hiyo taarifa ya mfumo haichukui nafasi ya mkanda wa kiti kuvutwa hadi mwisho, wala ya pua yako.

Ili utafute taarifa unahitaji namba ya chesisi. Magari yote yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 1981 yana namba yenye herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki humo ili zisichanganywe na 1 na 0, kwa hiyo ukitumiwa namba yenye O, ama imekosewa ama imebuniwa. Alama ya 10 inaonyesha mwaka wa modeli: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020. Muombe muuzaji akupigie picha ya namba kwenye gari lenyewe, kwenye kibati kilicho chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na nyingine kwenye karatasi iliyobandikwa kizingitini mwa mlango. Zote zifanane na ya kwenye kadi. Muuzaji anayechelewesha picha hizo kwa siku tatu amekwisha kukujibu.

Kisha tazama jina. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu anayekuuzia, na aonyeshe kitambulisho chake. Utasikia maelezo mengi: gari ni la shangazi, ni la rafiki aliyehama, kadi imeshasainiwa tayari na mwenyewe wa zamani. Mara nyingi huyo ni dalali asiye na leseni anayejifanya mwenye gari. Alinunua bila kuandikisha jina lake ili akwepe kodi na asipatikane, nawe ukifika ofisini kwenu utaambiwa mnyororo wa saini umekatika. Majimbo kama Ohio, Pennsylvania na North Carolina yanadai muuzaji asaini kadi mbele ya notari, kwa hiyo saini iliyowekwa kando ya barabara haina thamani kwenye kadi ya majimbo hayo.

Deni nalo huwa limejificha kwenye kadi. Katika majimbo mengi benki iliyokopesha hukaa na kadi mpaka ilipwe, lakini New York na Kentucky mwenye gari huweza kuwa na kadi mkononi huku bado anadaiwa. Soma sehemu ya mdai. Ikiwa ina jina la benki, dai barua ya benki hiyo inayosema deni limekwisha, au malizaneni ndani ya tawi lake, wewe ukilipa na wao wakiachia. Gari lenye deni linaweza kuchukuliwa mlangoni kwako usiku, na sheria haitamuuliza muuzaji kwanza.

Kuhusu maili, serikali kuu kupitia idara ya usalama barabarani, NHTSA, inakadiria kwamba magari zaidi ya 450,000 huuzwa kila mwaka nchini humu maili zake zikiwa zimerudishwa nyuma. Sheria inamtaka muuzaji aandike maili kwa maandishi na kusaini. Zamani sharti hilo liliisha gari likifikisha miaka 10. Sasa kwa magari ya modeli ya 2011 na kuendelea ni miaka 20. Pata risiti za kubadilisha oili, zina tarehe na maili. Tazama pia pedeli ya breki na usukani. Gari la maili 40,000 halina pedeli iliyolika hadi chuma.

Nenda kwenye gari ukijua limetoka wapi. Lililoishi Michigan, Minnesota au Ohio limepita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chesisi na mabomba ya breki kutoka chini, huku bodi ikibaki inameta. La Arizona huwa halina kutu ila jua limepasua dashibodi na kukausha mipira. Mlipe fundi wa mji ule asiyejuana na muuzaji alinyanyue gari na kulitazama chini. Muuzaji akikataa, panda basi urudi. Ukiwa na namba ya chesisi, tazama pia bure kwenye tovuti ya NHTSA kama gari limeitwa na kiwanda kurekebishwa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliyoitwa nchini humu inafikia karibu milioni 67, na sheria ya taifa haimzuii muuzaji kukupa gari lililotumika lenye kasoro hiyo bado ndani.

Kodi haina ujanja. Unailipa kwenye jimbo unakosajili gari. Oregon haitozi kodi ya mauzo, lakini mkazi wa Washington akinunua huko atatozwa akirudi nyumbani. Ohio inatoza asilimia 5.75, kaunti zinaongeza zao, na gari lenye kadi ya nje lazima likaguliwe namba yake ya chesisi kabla ya kupewa kadi mpya. California ina ukaguzi wake wa moshi, na haisajili gari jipya lenye maili chini ya 7,500 ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake. Piga simu ofisi ya kwenu kabla hujasafiri. Uliza pia kuhusu namba za muda, kwani Ohio muuzaji hung'oa namba zake akaondoka nazo, wakati California hubaki na gari. Na bima ianze kazi kabla hujawasha injini.

Usitume fedha kwa mtu usiyemuona, iwe arubuni ya dola 200 au bei nzima. Anayedai alipwe kwa kadi za zawadi za madukani ni mwizi, na hapo hakuna tafsiri nyingine. Wengi pia huniuliza kuhusu "siku tatu za kurudisha gari". Hakuna sheria ya taifa inayokupa siku hizo. Yadi za kuuza magari zinatakiwa kubandika dirishani karatasi inayoeleza kama kuna dhamana, na karatasi ikisema "as is" maana yake ni kwamba likiharibika getini ni lako. Mtu binafsi halazimiki hata kubandika karatasi hiyo. Ukitaka kumshtaki, huenda ukalazimika kumfuata kwenye mahakama ya jimbo lake, kwa nauli yako, siku ambayo hutalipwa kazini.

Jirani yangu hakushtaki. Simu ya muuzaji ilikuwa imezimwa, na jina lililokuwa kwenye kadi lilikuwa la mtu mwingine.

Kwa hiyo nina ombi kwa ndugu mlioishi huku miaka mingi na Kiingereza cha ofisini mnakimudu. Kadi ya gari imeandikwa kwa maandishi madogo, na aliyefika mwaka jana hawezi kuisoma peke yake mbele ya muuzaji anayemharakisha. Akikuomba umsindikize Jumamosi, nenda. Akiwa hawezi kusubiri Jumamosi, omba ruhusa kazini, jambo ambalo mimi sikulifanya.

Juma lijalo: bima ya gari, na kwa nini iliyo nafuu kuliko zote haikulindi wewe.