Sheria na Raia: Jinsi Mwenye Jengo Anavyomtoa Mpangaji wa Duka

Wewe uliye pamoja na kikundi chako, na wewe unayesoma somo hili peke yako, chukua kalamu na karatasi, kwa maana leo tutahesabu tarehe.

Juma lililopita tulizungumza juu ya mapatano ya kupangisha. Leo tutatazama mwisho wa mapatano hayo, yaani siku mwenye jengo anapotaka jengo lake. Tutashika sheria ya Kenya ya mwaka 1965 ihusuyo maduka, hoteli na nyumba za kuuzia vyakula. Sheria hiyo ingali inatumika.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana jengo sokoni, na kodi yake ndiyo inayolipa karo ya wajukuu. Ndani yake yumo mama mmoja auzaye nguo, na wanawe wanakula kwa duka hilo. Mama huyu hajalipa kodi kwa miezi mitatu. Mzee amekasirika. Rafiki zake wanamwambia, "Nunua kufuli, ufunge mlango usiku, naye atahama mwenyewe."

Je, mzee awasikilize? Hapana. Akifunga mlango kwa nguvu zake, yeye aliyekuwa anadai atageuka kuwa mdaiwa. Mama atakwenda kushtaki, naye mzee huenda akaamriwa kufungua mlango, na kulipa hasara juu yake. Haki yake ni nzuri, lakini njia yake ingekuwa mbaya.

Kwanza mzee ajiulize: Je, upangaji huu unalindwa na sheria? Unalindwa kama mapatano hayakuandikwa. Unalindwa pia kama yameandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au kama yana sharti la kuyakatisha kabla ya miaka 5 kwisha, mbali na sharti la kuvunjwa kwa mapatano. Wapangaji wengi wa maduka madogo wamo humo. Mapatano ya muda mrefu kupita huo, yasiyo na sharti la namna hiyo, huenda katika korti ya kawaida.

Pili, mzee atoe notisi. Barua ya hasira haitoshi, wala maneno ya mdomo. Iko fomu iliyowekwa na sheria, nayo lazima itaje sababu ya kumtoa mpangaji. Kadhalika lazima imtake mpangaji ajibu kwa maandishi katika muda wa mwezi 1, akisema kama anakubali au anakataa.

Sababu zenyewe zimetajwa katika sheria. Moja ni kodi iliyokaa miezi 2 bila kulipwa baada ya siku yake, au tabia ya kuichelewesha mara kwa mara. Nyingine ni kuvunja mapatano kwa jambo kubwa. Nyingine ni kwamba mwenye jengo anataka kulibomoa na kulijenga upya. Nyingine tena ni kwamba analitaka kwa matumizi yake mwenyewe, kwa muda usiopungua mwaka 1. Lakini angalia: aliyelinunua jengo katika miaka 5 iliyopita hawezi kutumia sababu hii ya mwisho. Sheria haikutaka tajiri anunue jengo leo na kumfukuza mwenye duka kesho.

Tatu, hesabu ya siku. Notisi haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu mpangaji alipoipokea. Sikiliza vizuri: tangu alipoipokea, si tangu ilipoandikwa. Mama akiipokea tarehe 28 Machi, mzee aweza kuandika kwamba itaanza tarehe 1 Juni. Akiandika 1 Mei, notisi imeharibika, na itambidi aanze upya. Miezi mingi hupotea kwa kosa dogo kama hili.

Notisi apewe mpangaji mwenyewe mkononi, au itumwe kwa posta ya rejista. Mzee aitunze karatasi ya posta. Siku ya shauri ataulizwa, "Ilifika lini?"

Nne, zamu ya mpangaji. Mama asiyekubali amjibu mzee kwa maandishi katika mwezi ule 1. Kisha, kabla ya tarehe 1 Juni, apeleke shauri kwenye baraza la kuamua mambo ya kodi za majengo ya biashara. Akifanya hivyo, notisi inasimama mpaka baraza liamue. Akinyamaza, notisi itaanza kazi siku yake. Hata hapo mzee asichukue nyundo. Aombe amri ya kurudishiwa jengo.

Tano, siku ya kusikilizwa. Mzee alete mapatano kama yapo, nakala ya notisi, uthibitisho kwamba ilipokelewa, na daftari la kodi. Mama naye alete stakabadhi zake zote. Baraza haliamui kwa machozi ya mmoja wala kwa ukubwa wa mwingine. Latazama kama sababu iliyoandikwa imethibitishwa. Mzee akishindwa, kwa kawaida hawezi kutoa notisi nyingine kwa jambo lile lile mpaka miezi 12 ipite. Akishinda, nakala ya amri iliyothibitishwa hupelekwa kortini, nayo hutekelezwa kama hukumu ya korti. Asiyeridhika aweza kukata rufani katika siku 30.

Na ile kodi ya miezi mitatu je? Mzee asikamate vitambaa vya mama kwa mikono yake. Kukamata mali kwa ajili ya kodi nako kunahitaji ruhusa ya baraza.

Neno moja juu ya nyumba za kukaa. Zile ambazo kodi yake ya kiwango haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina sheria yake na baraza lake. Za kodi kubwa zaidi huenda katika korti za kawaida.

Basi, msikilizaji, kumbuka mambo matatu: fomu, sababu, na miezi 2. Ukiwa mwenye jengo, yatakuokolea wakati. Ukiwa mpangaji, usiifiche notisi chini ya godoro. Isome siku ile ile uliyoipokea.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Mpangaji amepokea notisi tarehe 10 Agosti. Ni tarehe gani ya mwisho ya kujibu? Notisi haiwezi kuanza kazi kabla ya tarehe gani?

2. Mtu amenunua jengo miaka 3 iliyopita, naye sasa analitaka kwa duka lake mwenyewe. Je, sababu hiyo itakubaliwa?

3. Kwa nini stakabadhi ya kodi ni ngao ya mpangaji, na daftari ni ngao ya mwenye jengo?

Hadi juma lijalo, kwaheri.