FAHAMU: Namna ya kutunza maktaba ya picha za familia nyumbani badala ya kutegemea wingu pekee

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

Mwezi Mei 2024 wakazi wa Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, walikatikiwa na njia mbili ndani ya siku chache. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kiliifikia pwani ya kusini, mvua kubwa zikanyesha, na barabara kuu iendayo Dar es Salaam ikakatika katika eneo la Somanga. Tarehe 12, kabla hali haijatulia, nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilizopita chini ya bahari zikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliutangazia umma hitilafu hiyo, na kwa muda huduma ya intaneti ikadorora katika sehemu kubwa ya nchi.

Katika siku kama hizo mwananchi mwenye picha zilizohifadhiwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa za kampuni zilizo mbali naye, hufungua simu na kuona vijisanduku vya kijivu mahali pa harusi ya dada yake au sura ya marehemu baba yake. Picha hazijapotea, ila hazifikiki. Kwa upande wa pili, mwenye picha zote ndani ya simu moja au albamu ya karatasi sebuleni hana cha kusubiri kirejee pindi maji yanapoingia ndani. Makala haya yanaeleza njia ya tatu, ambayo ni kuwa na maktaba ya picha inayoendeshwa na familia yenyewe ndani ya nyumba, pamoja na gharama na wajibu unaoambatana nayo.

Ni vyema kwanza kufahamu kwa nini suala hili limeanza kuulizwa. Kuanzia mwaka 2015 huduma ya Google Photos ilipokea picha bila kikomo na bila malipo, mradi mtumiaji akubali zipunguzwe ukubwa kidogo. Utaratibu huo ulikoma tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo akaunti ya bure ina nafasi ya GB 15 inayogawanywa kati ya picha, barua pepe na nyaraka nyingine. Picha moja ya simu ya kisasa huchukua takriban MB 3, hivyo nafasi hiyo hutosha picha 5,000 hivi iwapo hakuna kingine kilichowekwa, na video hupunguza hesabu hiyo haraka, kwani dakika moja yaweza kula MB 100. Anayezidisha hulipia kila mwezi, na akiacha kulipa hawezi kuongeza picha mpya.

Aidha, tangu Desemba 2023 kampuni hiyo inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2, pamoja na vyote vilivyomo. Jambo hili linawagusa wananchi wengi wasiojua kwamba linawagusa. Simu hununuliwa dukani, muuzaji akamfungulia mteja akaunti kwa nywila aliyoitunga yeye mwenyewe papo hapo, mteja akaondoka na simu lakini bila nywila. Simu ile ikiibwa au ikizama majini, akaunti hubaki pale ilipo, picha ndani yake, na hakuna wa kuifungua. Kabla ya mwananchi kufikiria kununua kifaa chochote, hatua yenye manufaa makubwa kuliko zote haina gharama: aiandike anwani ya akaunti yake na nywila yake kwenye karatasi, ajaribu kuingia kwa kutumia kifaa kingine, na ahakikishe namba ya simu ya kurejesha akaunti ni yake na bado inatumika.

Maktaba ya nyumbani hufanya kazi kwa namna rahisi kuielezea. Kompyuta moja ndogo huwekwa ndani ya nyumba na kuachwa ikiwaka saa zote. Ndani yake huwekwa programu inayopokea picha kutoka kwenye simu za wanafamilia kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Mama akirudi kutoka kazini Masoko na simu yake ikautambua mtandao wa nyumbani, picha alizopiga mchana hujipakia zenyewe bila yeye kufanya lolote. Kompyuta huzipanga kwa tarehe na mahali, hutambua sura za watu, na huruhusu kila mwanafamilia awe na chumba chake pamoja na albamu za pamoja. Usafirishaji huo wa ndani hautumii kifurushi cha intaneti hata kidogo, kwa sababu picha hazitoki nje ya nyumba. Siku ambayo mkongo wa baharini una hitilafu, albamu hufunguka kama kawaida.

Programu zinazofanya kazi hiyo ni kadhaa, zikiwamo Nextcloud, PhotoPrism na Immich. Hii ya mwisho, ambayo kwa sasa ndiyo inayofanana zaidi na huduma za wingu zilizozoeleka, ilianzishwa mwaka 2022 na mhandisi Alex Tran baada ya kupata mtoto na kuona picha zikirundikana pamoja na gharama ya kuzihifadhi. Ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi na mtu yeyote huruhusiwa kuitumia bila kulipia leseni. Tahadhari ni kwamba huhitaji kompyuta yenye nguvu ya wastani, na GB 8 za kumbukumbu ya kufanyia kazi ndizo zinazoshauriwa. Kwa kaya nyingi za pwani kompyuta mpakato iliyotumika ni chaguo bora kuliko kifaa kipya, kwa kuwa ina betri yake na haizimiki ghafla umeme unapokatika. Kuzimika ghafla huharibu diski na kumbukumbu za programu, na huo ndio ugonjwa wa kwanza wa mitambo ya nyumbani. Betri ya zamani nayo ichunguzwe. Ikionekana imevimba iondolewe mara moja, kwani huweza kushika moto.

Kuhusu umeme, kifaa kinachotumia wati 10 kwa saa zote 24 hutumia takriban uniti 7 za LUKU kwa mwezi. Kompyuta mpakato ya zamani yaweza kutumia mara mbili ya hapo.

Hewa ya chumvi inastahili kutajwa peke yake. Wakazi wa Kilwa Kivinje, Masoko na Lindi mjini wanajua jinsi bati na misumari inavyoliwa na kutu. Chumvi hiyo hiyo, ikichanganyika na unyevu, hula miguu ya vipande vya ndani ya kompyuta na vichomekeo vyake. Kifaa kisiwekwe karibu na dirisha linaloelekea baharini wala sakafuni ambako maji ya mvua hufika kwanza. Kabati la juu lenye matundu ya kupitisha hewa, ukuta wa ndani, na kufutwa vumbi kila mwezi vinatosha. Diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ambayo mafundi huiita SSD, huvumilia misukosuko na kuangushwa zaidi kuliko diski za zamani, ingawa bei yake ni ya juu.

Hapa ndipo wengi wanaoanza kwa shauku hujikwaa. Mtu huhamisha picha zake zote kutoka kwenye wingu, hufuta zilizoko kule ili asilipie, kisha hukaa na diski moja ndani ya nyumba moja. Huyo hajapata usalama zaidi. Ameuhamisha ulinzi kutoka kwa kampuni yenye nakala kadhaa na kuutwika kifaa kimoja kinachoweza kuibwa usiku mmoja. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi wa picha, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, inataka kuwe na nakala 3 za kila picha, kwenye vifaa vya aina 2, na nakala 1 kati ya hizo iwe mbali na nyumbani. Watengenezaji wa Immich wenyewe huwasihi watumiaji wasiifanye programu hiyo kuwa mahali pekee pa kutunzia picha.

Kilwa yenyewe ina ushahidi wa jambo hilo, tena wa zamani. Mji wa Kilwa Kisiwani, ambao magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, ulikuwa na tarehe yake iliyoandikwa, yenye majina ya masultani wake kwa mfuatano. Mji ulivamiwa na Wareno mwaka 1505. Andiko lenyewe la kwanza halipo tena. Tunalifahamu kwa sababu mwanahistoria wa Kireno João de Barros alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552, na kwa sababu nakala ya Kiarabu iliyotoka Zanzibar katika karne ya 19 imehifadhiwa London. Mtu anaweza kusikitika kwamba historia ya mji huu inasomwa kutoka kwenye makabati ya mbali, na masikitiko hayo yana haki. Lakini lau nakala zote zingekuwa Kisiwani, leo tusingekuwa nayo.

Kuhamisha picha kutoka Google hufanywa kupitia huduma yao iitwayo Takeout, ambayo humtayarishia mtumiaji mafurushi ya kupakua. Kiungo cha kupakulia hudumu takriban siku 7, hivyo mwenye GB 30 ahakikishe ana intaneti ya kasi na isiyohesabiwa kwa kifurushi kabla ya kuomba. Tarehe na mahali pa picha mara nyingi huja katika mafaili madogo ya pembeni, na anayechukua picha peke yake na kuyatupa hayo atajikuta na harusi ya 2016 imepangwa katika siku aliyopakua. Picha za kwenye wingu zisifutwe hadi mwenyewe afungue maktaba mpya na kukagua miaka kadhaa tofauti. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye GB 15 za bure hana sababu ya kuziacha kabisa. Zinaweza kubaki kama nakala mojawapo ya picha muhimu zaidi.

Picha zilizopokewa kwa WhatsApp zihesabiwe kuwa ni nakala dhaifu, kwa kuwa kwa kawaida hupunguzwa ukubwa zinapotumwa. Zilizo bora zaidi zimo kwenye simu ya aliyepiga.

Wapo watakaotaka kuifikia maktaba yao wakiwa safarini. Mitandao mingi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya umma, hivyo kompyuta ya nyumbani haionekani moja kwa moja kutoka nje, na hilo kiusalama ni jambo jema. Njia inayotumiwa ni mtandao binafsi wa njia ya siri, unaojulikana zaidi kama VPN. Wananchi wakumbuke kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwa umma Oktoba 2023 ikiwataka watu na taasisi zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa za matumizi hayo kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Anayekusudia kutumia njia hiyo awasiliane na Mamlaka kwanza. Asiye na haja nayo aiache, kwa kuwa simu itapakia picha zake itakaporudi nyumbani.

Wenye studio za picha, wapiga picha wa harusi na waongoza watalii wanaotunza picha za wateja wako katika hali tofauti na kaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Kuweka picha za wateja kwenye kompyuta ya dukani badala ya wingu la nje hakumwondolei mtu wajibu wa kuzilinda. Diski ifungwe kwa usimbaji fiche, ili mwizi aipatapo asiweze kuzisoma.

Linabaki suala la nakala ya mbali. Jambo la kiufundi linalosahaulika ni kwamba programu huweka picha mahali pamoja na kumbukumbu za albamu, majina ya sura na maelezo mahali pengine, hivyo vyote viwili vinakiliwe. Diski mbili za nje zinatosha. Moja hukaa nyumbani, ikichomekwa mara moja kwa mwezi na kuchomolewa, kwani iliyochomekwa muda wote huharibiwa na radi ile ile inayoharibu kompyuta. Nyingine hukaa kwa ndugu aliye mbali na bahari. Kwa familia nyingi za Kilwa na Lindi ndugu huyo yuko Nachingwea, Ruangwa au Liwale, na msimu wa korosho, watu wanapopanda na kushuka, ndio wakati wa kubadilishana diski. Inayorudi ifunguliwe siku hiyo hiyo, na picha chache za miaka tofauti zitazamwe kabla haijaandikwa upya.