Siagi, Kilemba cha Ukoka na Mgongo wa Chupa

Waingereza husema "to butter up" wanapomzungumzia mtu anayemmiminia mwenzake sifa kwa nia ya kupata jambo kutoka kwake. Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na usemi huu, aghalabu huandika "kumpaka siagi" au "kumsifu". Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba tafsiri zote mbili zina kasoro. Ya kwanza haimwambii Mswahili lolote. Ya pili huiacha nje nia, ilhali nia ndiyo kiini cha usemi wenyewe.

Kiswahili kina hazina yake. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumpa sifa asizostahili: kilemba ni alama ya heshima, lakini hiki ni cha nyasi. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni kumhadaa kwa maneno laini. Mpakwaji huhisi ulaini wa chupa, kumbe mafuta yangali ndani. Kurairai nako ni kumbembeleza mtu kwa maneno matamu hadi akubali atakalo msemaji.

Tuchukue mfano wa tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo tafsiri yake ya Mwalimu Julius Nyerere ilichapishwa mwaka 1963. Mkewe Kaizari ameota sanamu ya mumewe ikibubujika damu, na Kaizari ameamua kutokwenda Barazani. Decius, mmoja wa wala njama, anaigeuza ndoto hiyo kuwa sifa: damu hiyo ndiyo itakayoihuisha Roma. Anaongeza kwamba Baraza limekusudia kumpa taji. Kaizari anatoka, na huko ndiko anakouawa.

Tukisema Decius "alimsifu" Kaizari, tumeuficha mtego. Tukisema "alimdanganya", tumeuondoa utamu ulioufanya mtego unase. "Alimrairai" hubeba utamu pamoja na nia. "Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa" huongeza hadaa.

Ni dhahiri basi kwamba lugha hizi mbili hazitazami upande mmoja. Siagi ya Waingereza humwonyesha mpakaji na shughuli yake. Chupa ya Waswahili humwonyesha mpakwaji anayeondoka na ngozi kavu. Kabla ya kushika kalamu, mfasiri hana budi kujiuliza: msemaji anataka nini, na msikilizaji ataondoka na nini?